Marufuku ya Chang'aa Isirudi, Sumu Ndiyo Ipigwe Vita

Kila mara zinapotangazwa habari za watu waliokufa au kupofuka kwa sababu ya pombe haramu, wito mmoja huanza kusikika kote nchini: marufuku ya chang'aa irudishwe kama zamani. Wito huo hutolewa na wazazi, wahubiri, machifu na wanasiasa, na wengi wao huutoa kwa uchungu wa kweli. Mimi ni daktari na nimewatibu walevi wa kutosha kuuelewa uchungu huo. Hata hivyo, kabla ya kuandika dawa, daktari hufunzwa kuuliza swali moja: mgonjwa huyu anaugua nini hasa?

Katika makala hii nataka tuliulize swali hilo pamoja. Je, kinachowaua watu wetu ni chang'aa, au ni kitu kingine kinachojificha ndani ya jina hilo?

Kwanza tukumbushane historia. Kupigwa marufuku kwa pombe hii hakukuanza jana. Tangu enzi za ukoloni polisi walikuwa wakiwakamata waliotengeneza kile kilichoitwa "gin ya Wanubi" katika mtaa wa Kibera. Baada ya uhuru, mwaka wa 1980, Bunge lilipitisha sheria maalumu ya kuharamisha chang'aa. Sheria hiyo ilidumu kwa miaka 30, hadi ilipofutwa na Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka wa 2010, ambayo wengi waliiita Sheria ya Mututho. Tangu hapo chang'aa si haramu kwa jina lake. Anayetaka kuitengeneza na kuiuza anatakiwa awe na leseni, afikie viwango vya ubora, na aipakie katika chupa za kioo.

Sasa tutazame vifo. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki katika mitaa ya Mukuru jijini Nairobi na wengine wakapoteza macho baada ya kunywa ile pombe iliyojulikana kama "kumi kumi". Mwaka wa 2005 watu wapatao 50 walikufa katika eneo la Machakos. Misiba hiyo miwili ilitokea marufuku ikiwa na nguvu zake zote. Mei 2014, makumi ya watu walifariki katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kiambu. Februari 2024, watu wapatao 17 walifariki katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga, na ikaelezwa kwamba pombe waliyokunywa ilikuwa kielelezo cha kesi kilichotoka katika kituo cha polisi. Misiba hii miwili ya mwisho ilitokea baada ya marufuku kuondolewa.

Kwa hivyo anayesema marufuku ilikuwa ikituokoa hasemi kweli. Na anayesema kuiondoa kumetuokoa hasemi kweli vilevile. Watu walikufa wakati huo na wamekufa wakati huu, kwa sababu muuaji ni yule yule na hakuna sheria iliyomkabili ana kwa ana.

Muuaji huyo anaitwa methanoli.

Inafaa ieleweke kuwa pombe tunayoijua, iwe ya chupa ya bei ghali au ya kibuyu, kileo chake ni ethanoli. Methanoli ni ndugu yake. Inafanana nayo kwa rangi, na harufu yake inakaribiana nayo, hata mnywaji hawezi kuzitofautisha kwa pua wala ulimi. Methanoli hutumiwa viwandani kutengeneza rangi, gundi, vimumunyisho na nishati. Haikutengenezwa ili inywewe na binadamu. Vijiko viwili vya chai, yaani mililita 10 za methanoli tupu, vinaweza kumpofusha mtu mzima. Mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani, vinaweza kumuua.

Ajabu yake ni kwamba methanoli yenyewe haidhuru sana inapoingia mwilini. Ini ndilo huigeuza kuwa sumu. Kwanza huibadilisha kuwa formaldehaidi, kisha asidi ya fomiki. Asidi hiyo huzuia chembechembe za mwili kutumia hewa ya oksijeni, na neva za macho ndizo huumia mapema. Kazi hiyo ya ini huchukua saa nyingi, mara nyingi kati ya 12 na 24. Kama mtu alikunywa methanoli pamoja na pombe ya kawaida, dalili huchelewa zaidi. Ndiyo maana mtu hulala akidhani amelewa kama siku zote, kisha kesho yake akaamka haoni.

Je, methanoli hiyo hutoka wapi? Wengi huamini kwamba hutokea yenyewe chang'aa inapopikwa. Mtama, mahindi na sukari nguru vinapochachuka hutoa methanoli kidogo mno. Matunda hutoa zaidi kidogo, lakini kwa kawaida si kiasi cha kuua mtaa mzima kwa usiku mmoja. Vifo vya halaiki hutokea mtu anapochukua methanoli ya kiwandani na kuichanganya na pombe, au kuitia maji tu na kuiuza kwa jina la chang'aa.

Na kwa nini afanye hivyo? Ni hesabu ya biashara. Kupika chang'aa kwa njia ya zamani kunataka nafaka, sukari, kuni, maji na siku kadhaa za kungoja mchanganyiko uchachuke. Katika siku hizo zote pipa linanuka na moshi unaonekana. Anayeogopa kuvamiwa hawezi kungoja. Anayenunua mtungi wa kemikali huhitaji maji na dakika chache tu, nao mtungi huo haunuki mtaani. Kila uvamizi unapozidi, mpishi wa kweli huacha kazi na mchanganyaji huchukua nafasi yake. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi tumejionea kwamba mgema akifukuzwa, anayeshika kibuyu chake hulitia sumu.

Nitakupa mfano mmoja. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu ya usiku katika hospitali moja ya umma. Mwashi mmoja wa makamo aliletwa na mkewe pamoja na jirani. Alikuwa akitapika, anashika tumbo, na alihema haraka kama mtu aliyetoka kukimbia. Nilimuuliza mkewe mumewe alikula nini. "Daktari, tulikula nyama ya jana," alinijibu. Nilimuuliza kama alikuwa amekunywa pombe. Akasema la, mume wake hanywi. Nikaanza kumtibu kama mtu aliyekula chakula kibovu.

Karibu na alfajiri mgonjwa aliniuliza mbona tumezima taa. Taa zilikuwa zikiwaka. Hapo ndipo yule jirani alinivuta kando na kuninong'onezea kwamba walikuwa wamekunywa chang'aa mchana wa siku iliyotangulia, na kwamba wenzao wawili walikuwa wangali wamelala nyumbani. Tulimpa dawa na kutuma watu wakawatafute hao wawili. Mwashi huyo aliokoka, lakini hakuona tena. Mikono yake bado ina nguvu, ila hawezi kusimamisha ukuta.

Yule mama hakuwa mwongo. Alikuwa mwoga. Wiki moja kabla ya siku hiyo askari walikuwa wamevamia ploti yao na kuwabeba watu. Aliamini kuwa akitamka neno chang'aa mumewe angetoka hospitalini akiwa na pingu. Uoga huo ulitupotezea saa tano au sita, na katika sumu hii saa ndizo macho.

Kwa maana dawa ipo, msomaji. Iko dawa iitwayo fomepizoli, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa za lazima. Ikikosekana, madaktari hutumia ethanoli yenyewe, kwa kipimo maalumu na chini ya uangalizi. Ini likiwa na shughuli ya kuvunja ethanoli, huiacha methanoli itoke mwilini bila kugeuzwa sumu. Mgonjwa aliyezidiwa husafishwa damu kwa mashine. Lakini tiba hizi husaidia zaidi zikiwahi. Asidi ikishakula neva za macho, hakuna daktari anayeweza kuzirudisha.

Wapo watakaoniambia kwamba nchi zilizoendelea zilikataza pombe hatari na zikafaulu. Basi tuutazame mfano mmoja maarufu. Huko Uswisi na Ufaransa kulikuwa na pombe kali ya rangi ya kijani iitwayo absinti, iliyotengenezwa kwa mti mchungu wa pakanga. Ndugu mmoja wa mti huo ndiye aliyetupa dawa za malaria za artemisinini tunazozitumia hadi leo. Watu walidai kuwa absinti huleta wazimu. Mwaka wa 1905, katika kijiji cha Commugny nchini Uswisi, mtu aliyeitwa Jean Lanfray alimuua mkewe mjamzito na binti zake wawili. Siku hiyo alikuwa amekunywa divai nyingi pamoja na brandi, na absinti glasi mbili tu. Lawama zote ziliangukia zile glasi mbili. Mwaka wa 1908 Waswisi walipiga kura kuiharamisha, na marufuku ikaanza mwaka wa 1910. Ufaransa ilifuata mwaka wa 1915.

Je, matokeo yalikuwaje? Katika bonde la Val-de-Travers, ambako absinti ilianzia, wenyeji waliendelea kuipika kwa siri kwa karibu miaka 95. Wanasayansi nao waliendelea kupima. Kitu kilichoshukiwa, kiitwacho thujoni, kweli kinaweza kusababisha kifafa kikiwa kingi. Lakini chupa za kabla ya marufuku zilipopimwa, na matokeo kutangazwa mwaka wa 2008, thujoni iliyopatikana ilikuwa wastani wa miligramu 25 hivi kwa lita. Mtu angelewa chakari kwa ethanoli kabla thujoni haijamfanya lolote. Kilichowadhuru wanywaji kilikuwa ukali wa pombe yenyewe, ambayo mara nyingi ilipita asilimia 50, pamoja na kemikali kama salfeti ya shaba ambazo wafanyabiashara wa bei rahisi walitia ili kuipa rangi. Uswisi iliondoa marufuku mwaka wa 2005. Kwa sasa absinti huuzwa barani Ulaya kwa sharti kwamba thujoni isizidi miligramu 35 kwa kilo. Waliacha kupambana na jina la pombe wakaanza kupima kilichomo.

Hilo ndilo ninaloliomba kwa chang'aa.

Sasa usinielewe vibaya. Sisemi kuwa chang'aa ni kinywaji cha afya. Hata ile safi, isiyo na tone la methanoli, ni pombe kali, nayo pombe huharibu ini, hupandisha shinikizo la damu, huvunja nyumba na kuwatia watu katika utumwa wa chupa. Shirika la Afya Duniani limeiweka pombe miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani tangu mwaka wa 1988, na mwaka wa 2023 likatangaza kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara. Kama huinywi, usiianze. Kama unainywa na huwezi kuacha, hiyo ni maradhi, na mwenye maradhi hutibiwa.

Najua pia jibu la mzazi ambaye kijana wake hajashika jembe wala kitabu kwa miaka mitatu kwa sababu ya ulevi. Atasema: daktari, ukihalalisha utawamaliza waliobaki. Mzazi huyo namheshimu. Lakini namuuliza, kijana huyo alishindwa kuipata chang'aa siku gani ya marufuku? Muuzaji wa gizani haulizi kitambulisho, hafungi saa tano za usiku, wala hana leseni ya kupokonywa. Anayeuza kwa leseni unaweza kumshtaki kwa kumuuzia mtoto aliye chini ya miaka 18. Anayeuza vichakani utampata tu siku ya mazishi.

Tatizo la sheria ya 2010 ni kwamba iliondoa marufuku kwenye karatasi na kuiacha mashinani. Mama anayepika pipa moja nyuma ya nyumba ili alipe karo hawezi kununua mashine ya chupa, kulipia vipimo vya maabara na kungoja leseni. Kwa hivyo ameendelea kujificha, na kwa kujificha ameendelea kushindana na mchanganyaji wa kemikali. Tuliufungua mlango halafu tukaweka kizingiti kirefu kuliko watu tuliowafungulia.

Je, tufanye nini? Naona mambo manne.

Kwanza, tuilinde methanoli yenyewe. Haipikwi vijijini. Hutoka kwa waagizaji na wasambazaji wanaojulikana. Kila pipa lifuatwe kwa maandishi kutoka bandarini hadi kwa mtumiaji wa mwisho, na ile inayouzwa rejareja itiwe rangi na uchungu ambao hakuna mnywaji atakayeuvumilia. Askari mmoja anayekagua vitabu vya ghala la kemikali ataokoa watu wengi kuliko askari ishirini wanaomwaga mapipa mtoni.

Pili, tuwape wapishi wadogo mahali pa kupimiwa. Wafugaji wetu hupeleka maziwa kwenye vituo vya vyama vya ushirika. Maziwa hupimwa mlangoni, mabovu hukataliwa, na mazuri huunganishwa na kupelekwa kiwandani. Chang'aa inaweza kufuata njia hiyo. Majirani zetu wa Uganda walijaribu jambo linalokaribia hilo kwa Sheria ya Enguli ya mwaka wa 1965, ambapo wapishi walitakiwa kuuzia kiwanda chenye leseni, na ndiko ilikotoka Waragi ya Uganda tunayoiona madukani. Haikumaliza yote, kwa sababu waliobaki nje ya mpango waliendelea, na mwaka wa 2010 methanoli iliua makumi ya watu huko Kabale. Lakini somo ni wazi: kituo cha kupimia kiwe karibu na cha bei nafuu, la sivyo watu watakipita.

Tatu, mgonjwa asikamatwe. Itangazwe redioni, makanisani, misikitini na kwenye baraza za machifu kwamba anayefika hospitalini akisema amekunywa pombe yenye sumu, pamoja na aliyemleta, hatashtakiwa kwa kunywa. Mke wa mwashi wangu angelijua hilo, huenda mumewe angekuwa anajenga leo.

Nne, kila hospitali ya kaunti iwe na dawa ya sumu hii na uwezo wa kuitambua haraka, na wahudumu wa zahanati wafunzwe dalili zake. Mgonjwa wa kwanza akigunduliwa, taarifa itoke siku hiyo hiyo ili wengine wasinywe kutoka kwa pipa lile lile.

Nawe msomaji, hata kama hunywi, zifahamu dalili hizi, kwa sababu huenda ukawa ndiye jirani. Mtu aliyekunywa jana, na leo ana kichwa kinachouma sana, anatapika, tumbo linamkata, anahema haraka, au anasema anaona ukungu au weupe mbele ya macho, asiachwe alale ili "pombe imtoke". Apelekwe hospitalini mara moja. Usimpe maziwa, usimtapishe, wala usijaribu kumtibu nyumbani kwa kumwongezea pombe nyingine, kwani kipimo chake kinataka daktari. Mwambie daktari ukweli wote: alikunywa nini, saa ngapi na wapi. Kisha watafuteni mara moja wote waliokunywa naye, hata wale wanaosema wako salama.

Marufuku ni rahisi kutangaza. Haihitaji maabara, haihitaji dawa, wala haihitaji mtu kukaa ghalani akihesabu mapipa. Tuliitumia kwa miaka 30 na makaburi yake yapo Mukuru na Machakos. Daktari anayempa mgonjwa dawa ile ile iliyoshindwa, bila kumpima tena, hatumwiti daktari mkali. Tunasema hajui kazi yake.